Majani ya Mjomba na Utumbo wa Taata

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba majani machungu yanaua kansa alikuwa mjomba wangu, na tangu hapo siwezi kulisikia neno "dawa ya asili" bila kukunja pua. Nimefundisha baiolojia kwa miaka mingi. Najua mimea ina kemikali zenye nguvu, najua dawa nyingi za hospitali zilianzia kwenye magome na mizizi. Sina ugomvi na mimea. Ugomvi wangu ni na mjomba, na watu waliomsikiliza, na kwa sehemu kubwa na baba yangu mwenyewe, ambaye sisi watoto tulimwita Taata kama Wahaya wanavyowaita baba zao.

Mjomba hakuwa wa tumbo moja na mama. Walikuwa watoto wa ndugu wawili, lakini kwetu hilo halimpunguzii mtu ujomba wake wala haki yake ya kukaribishwa kiti. Alikuwa bwana shamba msaidizi huko ng'ambo ya mto Kagera, na alifika nyumbani kwetu Kashozi, karibu na Bukoba, wakati wa vita, majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka na watu wa upande ule kukimbilia kwetu kwa miguu. Wenzake walifika na mbuzi, masufuria na watoto wa majirani migongoni. Yeye alifika na baiskeli, redio na sanduku la makaratasi. Alikaa kwetu mpaka vita vikaisha, na vilipoisha akaendelea kukaa. Alikula ndizi zetu na kumfundisha mama namna ya kutunza migomba, mama aliyezaliwa chini ya mgomba.

Kibanja chetu, yaani shamba la migomba lililoizunguka nyumba, kilijaa wakimbizi waliolala chini ya vibanda vya majani makavu. Haikupita muda watoto wao wakaanza kuharisha. Hapo ndipo mjomba alipopata wito wake. Pembeni mwa kila kibanja cha Mhaya huota omubilizi, kichaka cha majani machungu ambacho kila bibi hukitumia kwa homa na kwa tumbo. Mjomba aliyaponda yale majani, akayakamua kwenye ndoo na kuwanywesha watoto huku akiwaeleza mama zao kwamba amesomea kemikali zilizomo. Hakuwa amesomea chochote zaidi ya kupulizia dawa kahawa. Watoto wengi walipona, kama watoto wengi wanavyopona kuhara wakipata maji. Wengine tuliwazika nyuma ya migomba. Mjomba aliwakumbuka waliopona. Mpaka anazeeka alikuwa akiwataja mmoja mmoja na vijiji vyao, na sikumsikia hata mara moja akitaja mtoto aliyezikwa.

Vita vilituachia ukosefu wa kila kitu, na kabla hatujazoea ukosefu ukaja ugonjwa. Mwanzoni tuliuita kwa jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani, maana wao ndio walioanza kukonda na kufa. Baadaye haukuhitaji jina. Ukisema "ugonjwa huu" kila mtu alijua. Nyumba zilianza kubaki na vikongwe na watoto tu, na waosha maiti walijifunga nailoni mikononi.

Taata alikuwa seremala. Kabla ya miaka hiyo alitengeneza milango, vitanda na viti vya kanisa. Sasa alitengeneza majeneza, na hakuwa na nafasi ya kutengeneza kitu kingine. Sikuwa nyumbani. Nilikuwa nafundisha sekondari Muleba, na nilirudi Kashozi wakati wa likizo tu. Likizo moja nilimkuta amekonda. Suruali ilimning'inia, na alikuwa akienda chooni kila mara na kurudi amejishika ukuta. Nilimuuliza mama, akasema ni tumbo. Nilipombana zaidi, akaniambia kwamba kuna damu, na kwamba nisimwambie mtu.

Hakukuwa na haja ya mtu kuambiwa. Kijiji kilikuwa kimekwisha kuamua. Mwanamume mzima aliyekonda na kuharisha katika Bukoba ya miaka ile hakuwa na ugonjwa mwingine wa kuugua. Walipanga hadithi nzima. Walisema wajane waliokosa namna ya kulipia majeneza ya waume zao walimlipa seremala kwa njia nyingine, na kwamba Mungu ameleta hesabu. Walikuwa watu wale wale waliopiga magoti kwenye viti alivyotengeneza. Wakaanza kumpa salamu za mbali. Kwenye pombe ya ndizi, ile tunayoiita olubisi, alitengewa kibuyu chake na mrija wake, na alipokiweka chini hakuna aliyekigusa. Sijawahi kuwasamehe, na sijaona sababu.

Nilimpeleka hospitali ya misheni kwa nguvu. Daktari mpasuaji alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno. Alimpapasa tumbo upande wa kushoto, akampima kwa kidole kwa chini, jambo ambalo Taata hakulizungumza mpaka anakufa, kisha akaniambia kuna uvimbe kwenye utumbo mpana na kwamba atapasua. Alipasua, akakata sehemu ya utumbo iliyoharibika, na ncha iliyobaki akaitoa nje upande wa tumbo ili choo kipitie hapo. Kipande kilichokatwa kikapelekwa Mwanza kupimwa. Damu pia ilipimwa.

Majibu yalirudi yakisema damu haina virusi vya ugonjwa huu, na kwamba kipande kile kilikuwa na kansa.

Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda nilipomweleza. Nilikuwa nimejiandaa kumshika mkono. Taata aliniomba nirudie. Niliporudia, uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyeitwa jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

"Kansa," alisema. "Kansa ya kweli?"

Nilimwambia ni ya kweli. Akamwita mgonjwa wa kitanda cha jirani na kumwambia. Akamwambia mfagiaji. Mama alipoingia na bakuli la uji, akamwambia kabla hajaliweka chini, na mama akalia, na Taata akamshangaa kwa nini analia. Sijawahi kumwona mtu mwingine aliyefurahia kansa. Nilitaka kucheka, nikashindwa, na kilichonibaki ni kitu ambacho sikukijua jina siku ile. Sasa nakijua. Nilianza kumdharau baba yangu, kwa sababu maoni ya wanywa olubisi yalikuwa na uzito kwake kuliko uhai aliorudishiwa.

Alirudi nyumbani na shimo la tumboni na karatasi ya majibu. Mifuko maalumu ya wagonjwa wa namna ile haikupatikana. Mama alimshonea mkanda wa kitambaa wenye mfuko wa nailoni kwa ndani, akawa anaufua kila siku nyuma ya nyumba na kuuanika mbali na macho ya watu. Taata hakuuogopa mkanda. Alichoogopa ni kwamba watu hawakuiamini karatasi. Aliwaonyesha, wakaitazama, wakatikisa kichwa kwa adabu, na walipofika barabarani wakasema karatasi hata ya uongo inaandikwa. Alimwomba padre atangaze baada ya misa kwamba ana kansa. Padre alimjibu kwa upole kwamba altare si mahali pa kutangazia matumbo ya watu. Nadhani Taata aliumia kwa jibu lile kuliko alivyoumia kwa kisu.

Ndipo mjomba akaja.

Miaka hiyo alikuwa anazunguka kati ya Bukoba na Kampala na biashara ambazo hakuzieleza. Alifika na ukurasa wa gazeti la Kiingereza uliokatwa kwa mkasi, akaketi kwenye kiti cha Taata, akatusomea kwa sauti na kututafsiria. Kwa tafsiri yake, wataalamu wa Ulaya walikuwa wamegundua kwamba kemikali za mimea tunayokula zinaua kansa ya utumbo mpana, na walikuwa wanaficha ili wauze dawa zao. Nilimwomba ule ukurasa. Hakupenda, lakini alinipa.

Niliusoma mara mbili. Ulisema kwamba seli za kansa ya utumbo, zilizokuzwa kwenye visahani vya maabara, zilimwagiwa kemikali iliyochujwa kutoka kwenye kiungo cha manjano, na zikapunguza kugawanyika, na baadhi zikafa. Mwishoni, kwa maandishi yale yale wala si madogo, ulisema kwamba kiasi kilichotumika mtu hawezi kukipata kwa kula, na kwamba bado haijajulikana kama kitamsaidia mgonjwa. Omubilizi haukutajwa popote. Nilimweleza mjomba hayo yote polepole kama ninavyowaeleza kidato cha pili. Nilimwambia kwamba seli kwenye kisahani haina damu wala ini wala tumbo la kuisagia dawa, na kwamba hata sabuni ya kufulia ukiimwaga kwenye kisahani seli zitakufa, lakini hatumnyweshi mgonjwa sabuni.

Alinisikiliza huku akitabasamu. Nilipouliza omubilizi umetoka wapi wakati gazeti linasema manjano, alinijibu kwamba uchungu ni uchungu.

Hiyo ndiyo sayansi iliyotawala nyumba yetu. Mama alianza kuchemsha omubilizi pamoja na manjano, vitunguu saumu na tangawizi, na Taata akanywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Mjomba alimkataza nyama. Alimkataza olubisi. Alimkataza hata senene, wale panzi wetu wa kukaanga, na kumkataza Mhaya senene katika msimu wake ni sawa na kumwambia ahame. Taata alitii yote. Baba yangu, ambaye hakuwahi kukubali kuambiwa na mtu namna ya kushika randa, alimtii mtu aliyeshindwa kukaanga yai.

Nilidhani ni hofu ya kifo. Haikuwa hivyo, na nililielewa kwenye msiba mmoja wa jirani. Watu walikuwa wamejaa uani, na baada ya sala mjomba alisimama bila kuombwa. Alisema anataka kuondoa uongo. Alisema shemeji yake ana kansa ya utumbo, kwamba yeye mwenyewe kama mtaalamu amethibitisha, na kwamba anamtibu. Hakusema neno juu ya daktari. Alisema "kansa" mara nyingi, kwa Kihaya, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Watu wale wale waliokataa karatasi ya hospitali walilipokea neno la mtu mwenye ndoo ya majani. Kesho yake wazee wa jirani walikuja kumtembelea Taata, wakaketi, na mmoja akaomba kumalizia chai iliyobaki kwenye kikombe cha Taata, akainywa mbele yetu.

Taata alikitazama kikombe kilichobaki kitupu. Alimtazama mjomba. Kuanzia hapo mjomba angemwambia aruke kutoka kwenye mnara wa kanisa, Taata angeuliza tu aanzie upande gani.

Mjomba hakumwambia aruke. Alimwambia awe shahidi. Walianza kijijini Rubafu, kisha wakaenda sokoni Bukoba mjini, Taata akiwa amevaa koti lake la Jumapili, akieleza jinsi alivyokaribia kufa na jinsi majani yalivyomponya. Majani sasa yalikuwa kwenye chupa za soda zilizofungwa kwa magunzi. Na kwa kuwa wagonjwa wa kansa hawakutosha kufanya biashara, mjomba aliipanua dawa yake. Alisema kwamba kama majani yanaua kansa, ambayo ni baba wa magonjwa, kamdudu kanakokondesha watu katajificha wapi? Watu walitikisa vichwa kukubali. Hoja hiyo ingempa sifuri mwanafunzi wangu mvivu kuliko wote, na ilikuwa inawatosha watu wazima wenye familia.

Mimi sikujua habari za ushahidi. Mama alinificha. Nilizisikia kutoka kwa mwalimu mwenzangu pale Muleba, kwamba Jumamosi kuna mzee wa Kashozi aliyeponywa kansa kwa majani, anakwenda kuhubiri kwenye kambi za wavuvi visiwani. Alinieleza kwa heshima, na yeye alikuwa mwalimu wa hisabati. Nikamuuliza mzee huyo yukoje. Akasema ni seremala, anatembea akijishika ubavu wa kushoto.

Jumamosi ile nilipanda boti ya wanunuzi wa samaki. Kambi za visiwani zilikuwa zimejaa watu wa kila kabila waliofuata sangara, wengi wao vijana wasio na wazazi wa kuwakemea, na ugonjwa ulikuwa umeingia huko kama moto kwenye nyasi kavu. Kila niliyempita nilimtazama na kumpima kwa macho, huyu tayari, yule bado. Ndivyo tulivyokuwa tukitazamana miaka ile. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, na kwenye uwazi kati ya vibanda watu walikuwa wamesimama duara. Taata alikuwa juu ya kreti la samaki.

Hakuniona. Alikuwa anasema vizuri, hilo lazima nilikiri. Alieleza damu, alieleza kukonda, alieleza namna watu walivyomkimbia, na pale sauti yake ilitetemeka kweli. Kisha akasema shemeji yake alimpa kikombe cha majani, na akanyanyua mikono kuonyesha jinsi alivyosimama tena. Mjomba alikuwa pembeni na makreti ya chupa. Hakuna mtu aliyetaja kisu, wala nyuzi, wala mwanamke mfupi aliyesimama saa nzima na zaidi akiwa ameinamia tumbo la baba yangu.

Nilisogea mpaka mbele.

"Taata," nilisema, "waonyeshe tumbo."

Watu wote waligeuka. Aliyenijibu ni mjomba, kwa sauti ya kirafiki, kwamba hapa si darasani, mwalimu. Sikumtazama. Taata alisimama juu ya kreti lake akinitazama mimi, na nilifikiri atanifukuza. Badala yake akafungua vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, akapandisha shati, akaulegeza mkanda alioshonewa na mama. Watu waliona kile kinywa chekundu cha utumbo pembeni mwa kitovu. Mtoto mmoja alicheka, mama yake akamziba mdomo.

Niliwaeleza kwa maneno machache. Niliwaambia kwamba daktari alimpasua mzee huyu, akaukata utumbo uliooza na kuutupa, na kwamba kama angebaki na majani peke yake angekuwa kaburini. Niliwaambia majani hayo ni mboga, na mboga ni nzuri, wale, lakini wasinunue. Wa mbele walirudi nyuma hatua moja. Nilijua nimeshinda.

Mjomba akaweka mkono begani kwa Taata.

"Mmejionea wenyewe," aliwaambia. "Uchafu wote wa kansa ulitokea hapo."

Watu walishusha pumzi kwa pamoja, sauti ile ninayoisikia kanisani. Walisogea karibu waione vizuri ile njia ambayo kansa ilitokea. Mmoja aliuliza ilitoka nzima au vipande vipande. Taata alikuwa anafunga shati lake, mjomba akajibu kwa niaba yake. Kabla boti haijaondoka chupa zote zilikuwa zimekwisha, na nina hakika kwamba bila mimi nyingine zingebaki.

Nilimwona mwanamke mmoja, muuza dagaa, akiziweka chupa zake kwenye kikapu. Alikuwa amekonda hata mikufu ilikuwa imemlemea shingoni. Hasira ilinipeleka kwake. Nilimuuliza hakusikia nilichosema? Alisema alisikia, na kwamba nimesema vizuri, hata yeye alijua utumbo haujitoi wenyewe. Nikamuuliza sasa kwa nini amenunua?

"Mwalimu," alisema, "huyu amekuja na chupa. Wewe umekuja na nini?"

Nilimwambia nimekuja na ukweli. Alinitazama bila ubaya wowote. "Ukweli ninao tangu mwaka jana," alisema, akafunika kikapu kwa kanga, akarudi kugeuza dagaa wake.

Miaka ile hata hospitali haikuwa na jibu, walikuwa wanawapa watu vidonge vya kuzuia kuhara na kuwaambia wale matunda. Wapo watakaosema kwamba pale ndipo ningepaswa kujifunza unyenyekevu. Sikujifunza. Mwanamke yule alikuwa amejua kila kitu na bado akamlipa mjomba, na mjomba aliondoka kisiwani akiamini amewafanyia wema. Nikiwafikiria wote wawili, ni mmoja tu ninayemheshimu, na hata yeye heshima hiyo nampa kwa shingo upande.

Tulirudi boti moja. Mjomba alikaa mbele akizungumza na nahodha. Taata na mimi tulikaa nyuma, juu ya magunia. Kisha nikamuuliza kwa Kihaya kama anaamini kweli kwamba majani ndiyo yaliyomponya. Alisema yeye si mjinga, anajua nani alimpasua, kila siku anaosha alama yake.

"Kwa nini basi?"

"Siku nikifa," alisema, "nataka wanioshe kwa mikono mitupu. Mjomba wako ndiye aliyenipa hilo. Daktari hakunipa."

Ningependa kuandika kwamba nililia, au kwamba nilimshika mkono. Nilimwambia anauza watu wanaokufa kwa ajili ya mikono ya wapumbavu. Alinijibu kwamba wapumbavu hao ndio majirani zake, hana wengine. Sijutii nilichomwambia. Hakwenda tena visiwani baada ya hapo, alisingizia mkanda unamsumbua kwenye boti, na mjomba akatafuta mashahidi wengine. Walikuwepo tele.

Kansa ilirudi. Ilirudi kwenye ini, kama inavyopenda, na macho ya Taata yakawa na rangi ile ile ya manjano aliyokuwa akinywa. Daktari wa misheni alimpokea, akampapasa, akaniita nje na kuniambia hakuna cha kukata safari hii. Mjomba aliagiza vikombe viongezwe. Mama aliviongeza. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo kuchuma majani yakiwa na umande, kwa sababu mjomba alisema yenye umande yana nguvu zaidi, na alimnywesha kwa kijiko Taata alipokuwa hawezi kuinua kichwa. Nilimwambia mama amwachie apumzike, ule uchungu unamtapisha bure. Mama alijaza kijiko kingine. Alikuwa akinitazama kama mtu anayetazamwa na mgeni jikoni kwake.

Taata alifia nyumbani, mchana, mvua ikinyesha. Nililazimika kununua jeneza mjini, kazi mbaya, mbao mbichi, angelikataa. Majirani walikuja wote. Wazee walimwosha kwa mikono mitupu, walizunguka mwili bila kuogopa, na mmoja alitoka nje kujifuta maji kwenye suruali yake mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Alipata alichokitaka, sitakataa. Kilikuwa kitu kidogo sana, na alikilipia kwa watu wengine.

Kwenye matanga mjomba alipewa nafasi ya kuzungumza. Alieleza kwamba dawa haikushindwa. Dawa, alisema, ilimpa shemeji miaka aliyoishi baada ya hospitali kumkatia tamaa, lakini dawa ya asili haitaki kuchezewa, na mgonjwa akikosa siku moja tu kansa huamka. Watu waliguna kwa kuelewa. Walishaanza kujadiliana chini chini ni siku gani aliyoikosa.

Mama alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, kichwa kimefungwa kitambaa. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu. Alinyanyua uso.

"Kaka," alisema, "hajakosa hata siku moja. Nilikuwa namnywesha mimi."

Mjomba alisita. Nilimtazama kwa makini, kwa sababu nilikuwa nimesubiri miaka mingi kumwona akikosa la kusema. Haikuchukua muda mrefu kama nilivyotamani.

"Basi uliyachemsha mno," alimwambia. "Moto mwingi unaua nguvu yake."

Alisema hivyo kwa upole, akapokea bakuli lake la ndizi na nyama, akala akashiba. Baadaye alihamia Mwanza, akafungua duka lenye rafu, na nasikia alipata watu wengi.

Mama aliishi muda mrefu baada ya Taata. Nilimweleza mara nyingi, kwa Kihaya chepesi, nikimchorea mpaka kwenye vumbi, kwamba kansa ile ilikuwa imekwisha kusafiri kwenda kwenye ini hata kabla hajachuma jani la kwanza, na kwamba omubilizi ungechemshwa au usingechemshwa, mwisho ungekuwa ule ule. Alinisikiliza kila mara mpaka mwisho, kwa sababu nilikuwa mwanawe na nilikuwa nimesoma. Kisha alipotulia, akimenya ndizi au akichambua maharage, aliniuliza tena kama maji ya majani yanapaswa kuondolewa motoni yakianza tu kutoa povu, au kabla.